Pete ya Farasi Niliyoipa Miujiza

Anzeni na vyoo. Nyinyi vijana mnaokuja kwangu Ixelles, hapa Brussels, kunywa chai yangu na kuuliza kazi ya kutembeza wageni inafanywaje, mnafungua madaftari mkitegemea nitaanza na wafalme. Wafalme wamekwisha kufa, wanaweza kungoja. Bibi wa miaka sitini na tano aliyeshushia chakula cha mchana kwa bia mbili za Ubelgiji hawezi kungoja hata taa ya barabarani igeuke. Kwa hiyo jueni mkahawa gani una ngazi mbaya, upi unadai sarafu mlangoni, na upi mhudumu wake anajifanya haoni unapopita na watu kumi na wanane. Hayo mengine mtayasoma.

Mimi ni Maman Feza, mzaliwa wa Bukavu. Nilifika mji huu nikiwa mkimbizi, nikafagia ofisi za watu miaka minne, kisha nikashika mwavuli. Ulikuwa mwekundu, na niliuinua juu ili wageni wasipotee. Kwa miaka ishirini na sita ndio ulionilisha. Siku hizi nyinyi mnawavisha wageni vidude vya masikioni, mnanong'ona, na mgeni anasikia hata mkimeza mate. Sisi tulipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tena zamani mgeni akichukia alikuambia usoni. Sasa anakuchekea, anakupa mkono, halafu akifika hotelini anakunyima nyota.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Gustave, mzee wa hapahapa Brussels, mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa sigara. Alinipa kanuni mbili tu. Ya kwanza ilihusu Manneken Pis, kile kitoto cha shaba kinachokojoa kwenye kona. Watu wanavuka bahari kuja kukiona, wamekiwazia kirefu kama mnara, na wakifika wanakasirika: "Ni haka tu?" Gustave alikuwa akilisimamisha kundi mitaa miwili kabla, anashusha mkono chini kabisa ya goti, anasema kwa huzuni kwamba sanamu ni ya urefu huu. Wakifika wanaona kumbe ni kubwa kuliko walivyoambiwa, wanafurahi, wanapiga picha. Nimetumia ujanja huo miaka yote na haujawahi kuniangusha.

Kanuni ya pili ilikuwa hii: mgeni usimpe tarehe, mpe kitu cha kushika. Tarehe inaingia sikio hili inatokea lile, lakini alichokishika atawasimulia wajukuu. Ndiyo maana karibu na Grand-Place, uwanja mkuu wa mji, watu wanapanga foleni kupapasa mkono wa sanamu ya mtu aliyelala, wakitafuta bahati, na shaba yake inang'aa kwa vidole vya dunia nzima. Kanuni hii ya pili ndiyo iliyokuja kunitia matatani.

Kabla ya matata, tule. Chipsi za hapa hukaangwa mara mbili, na vibanda vingi vya kizamani hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Nilijifunza hilo siku nilipowapeleka kwenye kibanda akina mama wa Buyenzi, Waislamu wa Bujumbura, wakawa wanakula kwa raha wakiamini viazi ni viazi. Dereva wetu wa basi, Papa Ramadhani, naye mtu wa Buyenzi, aliingiza kichwa dirishani kwa muuzaji akauliza mafuta ni ya nini. Akageuka, akanitazama.

"Maman Feza, umetulisha ng'ombe ambaye hatujui kachinjwa na nani."

Akina mama waliacha kutafuna wote kwa pamoja. Tangu siku hiyo nauliza mafuta kwanza, ndipo nauliza mayonnaise.

Halafu kuna moules, wale kome wa baharini wanaoletwa na sufuria nzima nyeusi kwa kila mtu. Mgeni wetu kutoka Kivu akiona sufuria anafurahi, anadhani amefika kwa watu wakarimu. Nusu saa baadaye ana mlima wa maganda mbele yake na tumbo tupu. Mheshimiwa mmoja, suti ya vipande vitatu, alinivuta pembeni akanong'ona: "Maman, hii ilikuwa entrée, ya kufungulia tumbo, sivyo? Alors, bugali iko wapi?" Mtu kama huyo usibishane naye. Mpeleke Chaussée d'Ixelles, kwenye migahawa yetu upande wa Porte de Namur, apewe ugali na sombe, yaani kisamvu, ndipo atakubali kwamba Ubelgiji ni nchi nzuri.

Wazungu nao niliwapeleka hukohuko, na wao wana ugonjwa wao. Wanataka kitu "cha asili". Wanasimama nje ya saluni kuwapiga picha wanawake wanaosukwa kana kwamba nywele zimegunduliwa jana. Siku moja msusi alitoka, kitana kichwani, simu mkononi, akaanza kuwapiga picha wao, mmoja baada ya mwingine, wakila gaufre, zile keki za vishimo vishimo, huku krimu imewafika puani. Waliniangalia niseme kitu. Nilimwacha amalize.

Haya, sasa pete.

Ilikuwa mvua, na nilikuwa na kwaya ya akina mama kutoka Bukavu. Kwenye ile sanamu ya bahati kulikuwa na kundi jingine, kubwa, lisilosogea. Mama mmoja, viatu vimelowa, akaniuliza: "Bon, maman, na sisi tutagusa wapi? Bazungu banagusa, sisi tuko tunaangalia tu?"

Nikaona haya kwa niaba ya mji mzima. Nyuma yetu palikuwa na kichochoro tulichokimbilia kujikinga, na ukutani palikuwa na pete ya chuma ya zamani, imejaa kutu, waliyokuwa wakifungia farasi. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, ile sanamu ni ya wenyeji. Ya wageni ni hii. Zamani, nikasema, wafanyabiashara kutoka mbali waliofika malangoni bila karatasi walikimbia wakaishika pete hii, na aliyeishika askari hawakuweza kumfukuza. Nilimbuni hata mkuu wa askari, nikampa jina na jicho moja. Akina mama waligusa wote, wakaimba ubeti mmoja, tukarudi kwenye basi tukiwa na furaha.

Sikujua kwamba mmoja wao alikuwa anarekodi. Video ilizunguka makundi ya WhatsApp ya Wakongomani na Warundi wa Brussels, na kila ilipopita iliongezwa chumvi. Baada ya miezi miwili pete haikuwa na kutu hata chembe. Mchungaji mmoja alikuja na chupa ya mafuta. Madame aliyekuwa na ofisi yetu ya matembezi, mwanamke mwenye bidii na asiyeuliza maswali, aliiingiza kwenye kijitabu cha wateja kama "desturi ya karne nyingi ya Waafrika wa Brussels". Mholanzi mmoja aliipapasa kwa mikono miwili, nikamwuliza yeye anatafuta karatasi gani, akasema kibali cha kujenga gereji.

Papa Ramadhani peke yake hakucheka.

"Hii ni shirki, Maman Feza. Na wewe ndiye kuhani wake."

"Ni mzaha tu, papa."

"Wenye karatasi ndio wanafanya mzaha wa karatasi," akasema, akawasha basi.

Nilimcheka mgongoni. Karatasi zangu nilizipata zamani, na mtu husahau upesi jinsi alivyokuwa akiamka alfajiri kuangalia sanduku la barua.

Riziki nilimjua kwa sura tu. Alikuwa mwanamke wa Goma aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Laeken. Asubuhi moja nilikuwa na kundi la wageni wa harusi, wengine wa Bukavu, wengine wa Bujumbura, nikamkuta kichochoroni. Alikuwa amekunja barua, ameifunga kwenye pete kwa kipande cha kitenge, ameinamisha kichwa anaomba. Nilimsalimu, nikamwuliza barua ni ya nini.

"Ni ya mutoto yangu, Jeremi. Balimukatalia visa. Iko Goma kwa koko, bibi yake." Aliongea taratibu, bila kuiachia pete. "Ilikosa karatasi moja tu, ya kifo cha baba yake. Trois semaines sasa niko nakuja hapa kila asubuhi nikitoka ku kazi. Pete itafanya."

"Ana miaka mingapi?"

"Dix-sept. Le vingt-six atafikisha dix-huit."

Zilibaki siku kumi na tisa afikishe miaka kumi na minane. Kila mkimbizi wa mji huu anaijua hesabu hiyo. Maombi mapya yakiingia kabla ya siku ya kuzaliwa, huyo ni mtoto anayemfuata mama yake. Yakichelewa hata siku moja, ni mwanamume mzima wa Goma, na mama yake atabaki kumwona kwenye simu. Na huyu mama alikuwa amemaliza wiki tatu akipapasa chuma nilichokibariki mimi kwa sababu mvua ilinyesha.

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema palepale, mbele ya kundi zima: "Riziki, sikiliza. Hii pete ni ya kufungia farasi. Ile hadithi niliitunga mimi. Hakuna mfanyabiashara, hakuna askari wa jicho moja. Nenda kwa wakili leo."

Mnadhani ilisaidia? Nyinyi mnaamini ukweli una nguvu kwa sababu hamjawahi kuusema mbele ya kundi la watu wa harusi. Mzee mmoja wa ukoo wa bwana harusi alitikisa kichwa kwa hekima. "Anaficha," akawaambia wenzake. "Siri ya kintu kama hii haisemakwe mbele ya bantu." Mama mwingine akaniuliza kama nimelipwa na serikali. Wawili waliokuwa nyuma wakapenya kuja kuigusa haraka kabla sijaifunga. Riziki aliitazama pete, kisha akanitazama mimi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu siku ile niliirefusha. Nikavuta pumzi, nikabadilisha sauti.

"Bon," nikasema. "Mmenilazimisha. Pete ina sharti, na sharti hilo huwa sisemi. Haipokei barua ya kukataliwa. Inapokea barua ya kujibu. Mtu aje nayo imetoka kwa wakili, ina muhuri, ndipo aishike. Akija na barua ya kukataliwa, pete inakubaliana na waliokataa."

Kundi zima likaguna kwa kuridhika. "Sasa umesema!" akasema yule mzee.

Riziki aliendelea kunitazama, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akafungua kile kitenge, akakunja barua, akaitia kwenye mkoba.

"Sawa, maman. Lakini unanipeleka wewe."

Nikajisemea moyoni: Feza, hakuna kama wewe. Nikampa Papa Ramadhani mwavuli na watu wa harusi, nikaondoka. Baadaye niliambiwa jinsi alivyowatembeza. Alikuwa akinyoosha kidole na kusema, "Hili ni kanisa. Hii ni benki. Hapa kuna choo." Hakuongeza neno. Walimpa nyota tano, na mmoja aliandika kwamba hajawahi kupata mtembezaji anayeujua mji vizuri namna ile.

Sisi tulikwenda kwenye ofisi ya mawakili wanaosaidia watu bure. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, mimi na mwanamke nisiyemjua, tukigawana andazi lake moja. Wakili alikuwa msichana mdogo, mchovu, miwani imemshuka puani. Alisoma barua, akaangalia tarehe, akainua macho.

"Madame, hii una wiki tatu nayo. Ulikuwa wapi?"

Nilingoja anitaje. Alikuwa na haki ya kunitaja, na angenitaja kwa jina la baba yangu nisingebisha. Riziki akaweka mikono mapajani.

"Nilikuwa occupée, na kazi mingi," akasema.

Sijawahi kujisikia mdogo vile. Wakili alianza kuandika orodha, nami nikaanza kukimbia, kwa kuwa kukimbia ndiko kulikobaki. Nilimpigia simu bibi wa Jeremi kule Goma mpaka akaniita binti yake. Kila ofisi Riziki alipokwenda tulikwenda wawili, nikitafsiri, nikibishana, nikimshikia mkoba. Wageni wangu wiki hizo walimwona Ramadhani na makanisa yake. Cheti cha kifo kilipatikana Goma zikiwa zimebaki siku nne. Maombi yaliingia zikiwa zimebaki mbili.

Riziki alirudi kwenye pete na nakala yenye muhuri, akaishika kidogo, akaenda zake kulala. Nilisimama kando nikijipongeza. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilisimulia kisa hiki kama mfano wa ufundi: ukimshindwa mtu kwa ukweli, mpe uongo wenye faida. Baadhi yenu mmeshanisikia nikiwafundisha hivyo, sebuleni humu humu. Nisikilizeni sasa mpaka mwisho.

Jibu lilichukua zaidi ya mwaka. Nilikuwa nimeshastaafu, magoti yamekataa mawe ya mji wa kale, Riziki aliponipigia simu asubuhi. "Maman, Jeremi amefika. Kuja utembeze mutoto."

Nilimkuta kijana mrefu, koti jipya la baridi bado lina kibandiko cha dukani, anatazama juu tu kama wote wanavyotazama siku ya kwanza. Mama yake alikuwa amemshika mkono wa koti na haachii. Tulipita kwenye kile kichochoro. Jeremi akaiona pete, akaigonga kwa kidole.

"Tantine, hapa balikuwa banafunga ngombe?"

"Farasi," nikasema haraka, nikamtazama mama yake kwa hofu.

Riziki alikuwa anacheka. "Unaogopa nini, maman? Ile siku ulisema ni ya kufunga farasi, niliangalia, nikaona ni ya kufunga farasi. Niko na macho."

"Na sharti? Barua ya wakili, muhuri?"

"Aïe, ile! Maman Feza, ulikuwa unadanganya mubaya sana ile siku. Hata sauti ilibadilika. Nilikusikilia huruma."

Nikamwuliza kwa nini basi alikubali. Akaacha kucheka.

"Juu ulikubali kunisindikiza. Kwetu muntu haendaka ku bureau peke yake, haendaka ku hôpital peke yake. Hapa kila pahali banasema: prenez rendez-vous, madame, et venez seule, omba siku, kuja peke yako. Ile barua niliibeba peke yangu, maman, nikaona nakufa. Pete haiombaka rendez-vous, donc nilikuwa nakuja kwa pete. Wewe kazi yako si ni kusindikiza bantu? Bazungu bote unabasindikiza. Nikasema, leo na miye."

Niliumia, nawaambieni wazi, kwa sababu alikuwa amenihurumia tangu mwanzo na mimi nikajiita fundi. Nikawakumbuka wale akina mama wa kwaya, na mheshimiwa wa suti, na wote waliowahi kutikisa vichwa mbele yangu, nikajiuliza ni wangapi walikuwa wananivumilia kwa adabu tu.

"Alors, tutembeze," akasema Riziki, akamvuta mwanawe karibu. "Lakini huyu amengoja sana. Leo umuambie bya kweli tu."

Tukaingia Grand-Place. Jeremi akatoa simu, akaanza kunirekodi. Nikainua mkono kuonyesha nyumba ya kwanza, ile yenye dhahabu juu, nikafungua mdomo, nikaufunga, nikaonyesha ya pili. Tulivuka uwanja wote, kutoka pembe hadi pembe, kabla sijapata sentensi ya kwanza.